Dirisha la wazee lipo, dawa je?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua, na mniwie radhi nikiandika kwa hasira maana hii ishu imenikaa kooni toka mwezi wa tatu.

Kwenye zahanati ya kijijini kwetu huku mkoani Tanga kuna dirisha juu yake wameandika kwa rangi ya bluu MPISHE MZEE KWANZA. Dirisha zuri tu, na benchi lake lina kivuli. Mama yangu ana miaka 71, kitambulisho cha matibabu ya bure anacho, kakifunga kwenye nailoni kisilowe. Akienda anapishwa kweli, hapo siwezi kuwasingizia, vijana wanainuka, mama anapita mbele, anapimwa presha, anaandikiwa amlodipine, halafu anaambiwa mama hii dawa hapa hamna, kanunue. Sasa kupishwa foleni ili ukaambiwe hamna mapema kuliko wenzio ndo huduma gani hiyo?

Duka la dawa la uhakika liko mjini, bodaboda elfu 4 kwenda na elfu 4 kurudi, yaani nauli inaizidi bei ya dawa yenyewe ya mwezi mzima. Kwahiyo mama akaja na staili yake. Nilimkuta asubuhi moja kakaa kwenye kigoda, kisahani mapajani, wembe mkononi, anakata vidonge katikati ili kimoja kimpeleke siku mbili. Vingine vilikuwa vinapasuka vipande vitatu na unga juu, ule unga anaugusa kwa kidole analamba usipotee. Nikamuuliza mama vipi tena? Akanijibu, "Nabana matumizi mwanangu." Tukacheka. Na mi nilicheka Mhariri, ndo kinachoniuma.

Mwezi wa tatu kaanguka akitoka kuoga, kiharusi, upande wa kushoto wote.

Sasa njooni tupige hesabu maana wakubwa wanapenda hesabu. Wiki 3 kwenye kitanda cha hospitali kubwa ya serikali, gari la wagonjwa, kipimo cha kichwa, madaktari, mazoezi ya viungo ambayo mpaka leo anatakiwa ahudhurie mara 2 kwa wiki. Hapo sijamgusa dada yangu aliyekuwa na kibanda chake cha chapati na supu stendi, analipa ushuru kila siku, ana binti kamuajiri, kibanda kakifunga ili amgeuze mama kitandani. Serikali imeshindwa kuweka vidonge vya shilingi chache, imekuja kulipa kitanda cha wiki 3 na imepoteza mlipa ushuru. Hiyo sio kubana matumizi, mama yangu na wembe wake alikuwa mchumi bora kuliko hao.

Kila nikisikia mjadala wa wazee nchi hii naona ni kikokotoo cha mafao ya wastaafu, kikokotoo, kikokotoo. Sawa, wastaafu wana haki yao na wapiganie. Ila wazee wengi huku vijijini hawajawahi kuona salari slipu maisha yao yote, ni wakulima, wavuvi, akina mama waliouza mihogo, kikokotoo hakiwahusu hata kidogo. Tuna Sera ya Taifa ya Wazee toka 2003, miaka zaidi ya 20, na ukiisoma imeandikwa vizuri kwelikweli. Wenzetu Zanzibar walianza Pensheni Jamii mwaka 2016, kila aliyefikisha miaka 70 elfu 20 kwa mwezi, awe alikuwa karani awe alikuwa mchukuzi bandarini, haulizwi, na 2023 wakaipandisha mpaka elfu 50. Elfu 50 sio utajiri lakini ni nauli ya boda na dawa na sukari inabaki. Kenya nao wana Inua Jamii, shilingi elfu 2 zao kwa wa miaka 70 kwenda juu, japo jamaa zangu wa Mombasa wanalalamika inachelewa. Huku bara hatujafika hapo, na mi sidhani kama ni umaskini tu maana Visiwani nako sio Dubai.

Ila hata hiyo pensheni naona inachelewa kidogo, sio kwa tarehe, kwa umri. Mzee mwenye afya hatengenezwi akiwa na 70. Presha ya mama haikuanza uzeeni, ilianza akiwa na 40 na kitu anachota maji na kubeba kuni huku kichwa kinamgonga na anasema ni uchovu. Japani ambako watu wa miaka 65 kwenda juu wanakaribia asilimia 30 ya nchi nzima, bima yao ya kutunza wazee walioianza 2000 inamkata mtu mchango kuanzia umri wa miaka 40. Sisemi tuige bima ya Japani, tutaanzia wapi, nasema angalia huo umri.

Halafu sa hivi tuna hawa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Wa kwetu ni binti mzuri sana, anauliza chandarua, anauliza kliniki ya mtoto, choo anakikagua mpaka mlango. Mpeni na mashine ya presha basi! Apime kila mwenye miaka 40, na anayetumia dawa aachiwe za miezi 2 kwa mkupuo asipande boda kila siku 30. Mbona ARV watu wanapewa za miezi kadhaa na zinapatikana mpaka vijijini, ina maana njia ya kufikisha dawa tunaijua.

Na macho jamani, nisisahau macho. Jirani yetu bibi mmoja mtoto wa jicho yamemfunga yote mawili, mjukuu wa darasa la 3 ndo anamshika fimbo, shule anakwenda akijisikia. Operesheni ya jicho haimalizi hata saa 1, ila mpaka leo anasubiri madaktari wa kambi waje. Pale kuna watu 2 wanapotea sio mmoja.

Tarehe 1 Oktoba mtatuletea tena fulana na hotuba ya Siku ya Wazee. Fulana za mwaka juzi mama anazo, tunamvalisha maana zina mikono mipana, mkono wake wa kushoto unapita bila kumuumiza.

Mimi mwenyewe nina 46. Baada ya yote haya wiki iliyopita nikajipeleka nikapimwa, 158 kwa 96. Nimeandikiwa dawa ileile ya mama. Kwa kuwa sijafika 60 nilipanga foleni ya kawaida, nilipofika dirishani nikaambiwa nijaribu tena Alhamisi.

Msomaji wenu,
Tanga