Risala kwa Mgeni Rasmi: Kuandika Riwaya ya Utoto wa Merlin

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika siku hii ambayo klabu yetu ya wasomaji inaanza rasmi kuandika riwaya ya vijana kwa Kiswahili, kuhusu utoto wa Merlin, mwaguzi wa Mfalme Arthur wa hadithi za kale za Uingereza. Tumeombwa tueleze kazi hii ikoje na huharibikia wapi, kisha tuwasilishe maombi yetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi wanamfahamu Merlin mzee, mwenye ndevu nyeupe na fimbo mkononi. Katika maandishi ya kale anaingia akiwa mtoto, tena mtoto anayetafutwa achinjwe. Habari hiyo imo katika Historia Brittonum, kitabu cha Kilatini cha mwaka 829 au 830. Vortigern, mfalme wa Wabritoni, wenyeji wa kale wa Uingereza, anataka kujenga ngome katika milima ya Eryri, kaskazini mwa Wales. Vifaa vinakusanywa, usiku vinatoweka, na hivyo mara tatu. Wenye hekima wake wanamwambia atafute mtoto asiye na baba, amuue, na damu yake inyunyizwe kiwanjani. Wajumbe wanazunguka nchi hadi wanawakuta wavulana wakicheza mpira. Wawili wanagombana, na mmoja anamrushia mwenzake tusi kwamba hana baba. Msako unaishia hapo.

Mtoto huyo kitabuni anaitwa Ambrosius, kwa Kiwelshi Emrys. Aliyempa jina la Merlin ni mwandishi Geoffrey wa Monmouth, mnamo mwaka 1136. Alimhamishia Carmarthen, mji wa kusini mwa Wales, akasema mama yake ni binti wa mfalme wa Dyfed anayeishi na watawa, na baba yake ni pepo. Jina lenyewe linatokana na Myrddin, mshairi wa mapokeo ya Kiwelshi anayesimuliwa kuwa alirukwa na akili baada ya vita vya Arfderydd, mwaka 573, akaishi msituni. Merlin basi ameshonwa kwa vitambaa viwili, na mshono unaonekana: Vortigern ni wa karne ya 5, vita ni vya karne ya 6. Baadaye, mnamo mwaka 1200, Robert de Boron wa Ufaransa aliongeza kwamba mashetani walimtaka mtoto awe wao, lakini akabatizwa, akabaki na ujuzi wa yaliyopita kutoka kwa shetani na ujuzi wa yajayo kutoka kwa Mungu.

Geoffrey hasemi lolote juu ya miaka iliyo kati ya kuzaliwa kwa mtoto na ule ugomvi wa wavulana. Riwaya yetu inaingia katika pengo hilo. Tumepanga ianze mtoto akiwa na miaka 7 na iishe akiwa na 12, siku anapoletwa kwenye ngome ya Vortigern, ambayo kwa Geoffrey ni mnara. Itakuwa na sura 30 za maneno kama 2,000 kila moja, yaani maneno 60,000 hivi.

Kazi ya kwanza, na pengine ngumu kuliko zote, ni neno la kumwita. Kiswahili kina mchawi, mganga, mtabiri na mwaguzi. Mchawi ni mtu wa kudhuru. Msomaji akikutana na neno hilo ukurasa wa kwanza ameshamhukumu mtoto kabla hajafungua mdomo. Mganga anatibu, na mtoto wa mnarani hatibu mtu. Mwaguzi huona kilichofichika akakifasiri, na ndicho anachofanya mtoto huyu mbele ya mfalme. Tumekubaliana kwamba msimulizi atamwita mwaguzi, na "mchawi" litatoka tu vinywani mwa wanaomwogopa. Kwa neno joka, Kiswahili kimetupendelea. Kilatini cha Historia Brittonum kwanza kinawaita viumbe wawili wanaokutwa chini ya ngome vermes, yaani minyoo au nyoka, na joka letu ni nyoka mkubwa. Hatuhitaji mabawa wala moto.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kosa linaloua riwaya nyingi za namna hii ni uwezo usio na mpaka. Mtoto akiweza kila kitu, hakuna sura itakayomtia msomaji wasiwasi. Kwa hiyo kabla ya sura ya kwanza tutaandika ukurasa mmoja wa mambo asiyoyaweza, na hakuna mwandishi atakayeruhusiwa kuukiuka. Maono hayaji kwa kuitwa. Yakija, huja vipande vipande, na maana yake hufika baada ya tukio kupita. Kila ono lina gharama inayoonekana mwilini, kama vile homa ya siku mbili au jina la mtu kumpotea. Gharama ikitajwa sura ya tatu na kusahauliwa sura ya kumi, msomaji wa miaka 14 ataona kabla ya mhariri.

Tatizo la pili linatokana na hadithi yenyewe. Kila msomaji anajua kwamba mtoto huyu hatachinjwa, maana atakuja kumshauri Arthur. Hatari ikiwekwa juu ya shingo yake peke yake, haitishi. Inabidi ihamishiwe kwa mtu ambaye hadithi haikumwahidi chochote. Geoffrey ameacha mlango wazi, kwa kuwa mama naye analetwa mbele ya mfalme pamoja na mwanawe na kuhojiwa juu ya baba wa mtoto. Swali la kumpeleka msomaji mbele litakuwa ni nini kitampata mama huyu akisema kweli.

Majina nayo yanapoteza watu. Emrys, Ambrosius, Myrddin na Merlin yakichanganywa katika sura moja, msomaji atadhani ni wanne. Nyumbani ataitwa Emrys, na jina la Merlin litatokea mara ya kwanza pale mnarani.

Kuhusu mnara, tunaomba uturuhusu tukae kidogo. Katika masimulizi ya Geoffrey, kilichojengwa mchana ardhi hukimeza. Mtoto anauliza wenye hekima kilicho chini ya msingi, wananyamaza, naye anasema kuna dimbwi. Mwandishi mvivu atamfumba mtoto macho, ampe ono, na sura itakufa. Sisi tutatega dalili tatu mapema: tope mbichi asubuhi ilhali mvua haijanyesha, mawe ya upande mmoja yaliyozama shubiri moja zaidi ya mengine, na chura anayelia chini ya sakafu kavu. Msomaji makini atakuwa ameyaona yote, na mtoto atakaposema neno "maji" atasisimka kwa sababu alikaribia kulisema mwenyewe. Ono litabaki kwa kile ambacho jicho lisingeweza kukijua. Historia Brittonum inasema ndani ya dimbwi mna vyombo viwili, kati yake hema lililokunjwa, na ndani ya hema wamelala majoka wawili, mmoja mweupe na mmoja mwekundu. Wanapigana. Mweupe anamsukuma mwekundu mara tatu, kisha mwekundu aliyeonekana dhaifu anamfukuza mweupe. Mwekundu ni watu wa Vortigern, mweupe ni Wasaksoni, wavamizi kutoka ng'ambo ya bahari. Sura hiyo itaandikwa polepole, mpigo kwa mpigo, bila mtoto kueleza maana hadi vita viishe.

Mahali penyewe huonyeshwa hadi leo. Ni kilima cha Dinas Emrys, karibu na Beddgelert, na wachimbuzi wa miaka ya 1950 walikuta dimbwi juu yake.

Kwa zama hizo, Warumi wameondoka Uingereza mnamo mwaka 410, kwa hiyo barabara zao bado zipo lakini hakuna anayezitengeneza. Watu wanakula shayiri, maziwa na tufaha, na utamu ni wa asali. Hakuna viazi, nyanya wala mahindi, kwa kuwa vilitoka mabara ya Amerika baada ya 1492. Hakuna vikuku vya kuwekea miguu juu ya farasi, wala mashujaa waliovaa chuma mwili mzima. Kasri la mawe la kwenye sinema nalo halimo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni haya. Tunaomba nakala za tafsiri za Historia Brittonum na vitabu viwili vya Geoffrey, kile cha wafalme na kile cha maisha ya Merlin msituni, ili kila mwandishi asome chanzo chenyewe. Tunaomba ramani kubwa ya Wales inayoonyesha milima na mito, kwa sababu safari ya wajumbe ni lazima ihesabiwe kwa siku za kutembea. Na zaidi ya hayo tunaomba utupatie mhariri mzoefu wa Kiswahili atakayesoma sura tatu za kwanza pamoja na ule ukurasa wa asiyoyaweza mtoto, kabla hatujaendelea na sura ya nne.

Tunaomba kuwasilisha.