Kwa Fundi, kuhusu kile kidole

Rafiki yangu Fundi,

Mwangaluka. Sisi hapa Kirumba tu wazima, Mama Kulwa amepona ule mguu, na dagaa zako zimefika. Zilinyeshewa njiani, nikazianika upya.

Naandika haraka kwa sababu yule kijana wa televisheni alirudi jana kuulizia jibu lako. Bado anamtaka fundi wa kuwachorea watoto Jumamosi. Nikamwambia unafikiria. Lakini najua moyoni umeshakataa, na najua ni kwa ajili ya kile kidole. Ulisema watu watatazama kisiki badala ya picha.

Sasa nisikilize. Juzi usiku kwenye simu ya Doto nimemwona Mmarekani mmoja, Bob Ross. Alikaa jeshi la anga miaka 20, akapelekwa Alaska, na huko akaboresha uchoraji wake kwa kumtazama Mjerumani mmoja, Bill Alexander, kwenye televisheni. Alichora milima ya theluji ndani ya karai za kuchekechea dhahabu, akawauzia watalii. Mwisho akaingia kwenye televisheni mwenyewe, 1983 hadi 1994, vipindi 403. Kila kipindi picha moja nzima, haifiki nusu saa, rangi mbichi juu ya rangi mbichi. Wewe mtumbwi mmoja unasubiri siku mbili ukauke!

Fundi, huyo bwana kidole chake cha shahada cha kushoto kilikatika kipande alipokuwa akifanya useremala na baba yake. Na mkono huohuo ndio alioshikia ubao wa rangi mbele ya kamera, miaka yote ile. Nilimaliza vipindi vitatu bila kukiona. Doto ndiye aliyenionyesha. Nilikuwa nimezama kwenye brashi na ile sauti yake ya chini, kama anayembembeleza mtoto alale.

Kilichoniuma ni nywele. Alizitia dawa zijisokote ili aokoe hela ya kinyozi, baadaye akazichoka, lakini zilishakuwa nembo ya biashara yake, akabaki nazo. Kwa hiyo wasikuvalishe kofia wala kukupa jina la kuchekesha. Na habari ya malipo iulize mapema. Yeye kwa vipindi vyenyewe alikuwa halipwi; riziki yake ilitoka kwenye kuuza rangi na brashi na kufundisha watu.

Nirudi kwenye kidole. Unakumbuka Mwaloni, ulivyokuwa unamalizia jicho la sangara kwenye mtumbwi wa shemeji? Watoto walikuwa wanamwagiana maji, kelele tupu. Ulipogusa lile doa jeupe la mwisho ndani ya jicho, wakanyamaza. Yule mdogo akarudi nyuma hatua moja, akasema, "Ananiangalia." Mkono wako ulikuwa palepale mbele ya macho yao, na hakuna aliyeuulizia.

Basi niambie: mkeo anasemaje? Ukiomba kamera ikae upande wa kulia, moyo utatulia? Kopo la bluu lina kitu bado, au nikununulie huku mjini? Kijana anarudi Ijumaa. Nimwambie nini? Au utapanda meli uje umwambie mwenyewe?

Ni mimi,
Mama Neema