Mnyama aliyetoka kwenye katuni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti ulinikuta bandarini hapa Yokohama, Japani, tunapanga magari ya kupakiwa kwenda Dar es Salaam na Mombasa, nikausikiliza huku nacheka peke yangu. Kwa hiyo mjomba amekunyang'anya daftari la michoro, akasema katuni za Kijapani ni mambo ya kitoto, hazimbadilishi mtu chochote. Mjomba ni mkubwa wako, usimjibu kwa ukali. Lakini mimi ni shemeji yake, kumtania ninaruhusiwa. Msomee barua hii.

Mwulize kwanza kama anamjua rakuni. Ni mnyama wa Amerika ya Kaskazini, na ukikutana naye gizani utadhani fungo: baka jeusi machoni, mkia wa pete pete. Ila huyu ana vidole vyepesi, hashindwi na komeo. Asili yake si Japani kabisa. Mwaka 1977 televisheni ya huku ilionyesha katuni ya vipindi 52, Araiguma Rasukaru, iliyotokana na kumbukumbu za utotoni za Mmarekani Sterling North. Mvulana anamwokota mtoto wa rakuni, anamlea, wanakuwa hawaachani. Watoto wakampenda sana Rasukaru, rakuni huyo, na wazazi nao wakaanza kuwanunulia rakuni wa kweli, walioagizwa kutoka nje.

Sasa rakuni akiwa mdogo anapendeza. Akikua anauma, anachana mapazia, anafungua kizimba mwenyewe usiku. Familia zilipochoka zikafanya kama mvulana wa kwenye katuni alivyofanya mwishoni: wakampeleka porini, wakamwacha. Kwenye katuni hadithi ikaishia hapo. Huku nje, wakazaana. (Nisiwasingizie wachoraji kila kitu. Wapo rakuni waliotoroka kwenye bustani ya wanyama mjini Inuyama tangu 1962.)

Leo wako karibu kila mkoa. Wanashambulia mahindi na stroberi, na tikiti maji ndiyo usiseme: analitoboa tundu dogo, anaingiza mkono, anachota nyama yote, na mkulima akija asubuhi anaona tikiti lipo palepale, kumbe ni ganda. Wanapanda hadi kwenye mapaa ya mahekalu ya kale na kuacha alama za makucha kwenye nguzo. Tangu mwaka 2005 sheria inakataza kuwafuga, kuwaingiza nchini na kuwaachia porini, na kila mwaka wanakamatwa kwa maelfu. Rasukaru mwenyewe, yule wa kuchorwa, bado kipenzi cha watu. Wanasesere wake wanauzwa madukani, na sijaona anayeshangaa.

Mjomba akisema hayo ni ya watoto, mkumbushe kuwa rakuni walinunuliwa na watu wazima.

Upande mwingine kuna mpira. Mwaka 1981, Takahashi Yoichi alipoanza kuchora Captain Tsubasa, katuni ya mvulana mcheza soka, Japani ilikuwa nchi ya besiboli, na ligi ya soka ya kulipwa haikuwepo. Watoto wakaanza kuiga mashuti ya Tsubasa uwanjani, hata yale yasiyowezekana kwa mguu wa binadamu. Ligi ya kulipwa ikaanza 1993, na 1998 timu ya taifa ikacheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, kule Ufaransa. Sidai kwamba katuni peke yake ndiyo iliyoleta ligi. Makampuni yalimwaga fedha. Ila fedha hazimtoi mtoto kitandani alfajiri kwenda kupiga danadana. Tsubasa huyo Waarabu wanamwita Kapteni Majid. Mwulize shangazi yako aliyekulia Muscat, atakuimbia wimbo wake wote. Wanajeshi wa Japani walipokuwa Samawah, Iraki, mwaka 2004, magari yao ya kugawa maji yalibandikwa picha za Tsubasa, maana walijua wenyeji watamtambua.

Na kama mjomba anataka watu wazito, Novemba 2020 Waziri Mkuu Suga aliahidi bungeni kujibu maswali kwa mtindo wa kuvuta pumzi wa mashujaa wa katuni ya Demon Slayer. Filamu yao ya mwaka huo ndiyo iliyokuja kuongoza kwa mapato katika historia ya sinema nchini humu.

Kuhusu wewe kutaka kuwa mchoraji, sikukatazi. Ila ujue kwamba wengi wanaochora zile picha za katikati, zinazofanya mkono wa shujaa usogee, hulipwa kwa picha moja moja, na malipo yenyewe ni madogo. Majina yao hupita haraka mwisho wa kipindi, wakati watu wameshainuka. Hisabati usiiache.

Nimekununulia kitabu cha kwanza cha Captain Tsubasa kwenye duka la vitabu vilivyotumika, kimeshatumwa. Maandishi hutayaelewa, fuata picha, kuanzia kulia kwenda kushoto. Wewe uliyepita chuoni hutapata taabu. Mjomba alikuwa golikipa enzi zake, basi mfungulie kurasa za Wakabayashi, yule kipa mwenye kofia, umwambie baba ameuliza nani kati yao alikuwa anafungwa zaidi.

Baba yako,
Yokohama