Mwanangu, kabla hujapanda ndege jua kwanza ubalozi wetu uko wapi

Mwanangu mpendwa,

Jana kwenye simu uliniambia mama mbona una wasiwasi hivyo, viza ninayo, tiketi ninayo, chuo kimenipokea, sasa kimebaki nini. Nikanyamaza kwa sababu nilijua nikianza kuongea nitalia, na sikutaka uondoke na sauti hiyo masikioni. Ila usiku sijalala vizuri, nimeona bora niandike, ukae nayo kwenye simu uisome hata ukiwa safarini. Nataka kukwambia habari za ubalozi, manake hili hukuniuliza na mimi nilichelewa sana kulijua, na kuchelewa kwangu kuliniumiza.

Unakumbuka nilipokuwa natumwa na kazi, kuna safari moja ya wiki tatu ambayo sijawahi kuwasimulia vizuri. Siku ya tano niliporwa mkoba kwenye treni, yaani nilisinzia tu kidogo, nikazinduka mkoba haupo, na ndani kulikuwa na pasipoti, kadi ya benki, miwani, kila kitu. Nikashuka kituo kilichofuata nikakaa kwenye ngazi, mkononi nina chaja ya simu na funguo za nyumbani, basi. Lugha yao siijui. Na unajua nilifanya nini? Nilikaa siku mbili nzima bila kwenda ubalozini, kwa sababu akilini mwangu ubalozi ni wa wakubwa, ni wa mawaziri na wafanyabiashara, mtu kama mimi nitaingiaje pale na nguo niliyolala nayo. Siku mbili mwanangu, natembea mji wa watu bila karatasi hata moja inayosema mimi ni nani.

Siku ya tatu ndo nikaenda. Nakumbuka kile chumba mpaka leo, viti vya plastiki, bendera yetu pembeni, na dirisha la kioo lenye tundu dogo chini la kupitishia karatasi. Dada aliyekuwa nyuma ya kioo alinisalimia kwa lugha yetu na mimi machozi yakanitoka kabla sijasema shida. Akaniacha nikalia, akanipa fomu, alafu akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake, mama una kitu chochote kinachoonyesha wewe ni raia wetu? Sikuwa nacho. Hata fotokopi sikuwa nayo. Ikabidi wapige simu nyumbani, mjomba wako akatafute cheti changu cha kuzaliwa kwenye lile sanduku la bati, akitume kwa faksi, wao wahakikishe na uhamiaji, na hayo yote yalichukua siku nne zingine. Mtu aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni naye kaibiwa vilevile, ila yeye alikuwa na nakala ya pasipoti kwenye imeili yake, na alimaliza siku hiyohiyo.

Kwa hiyo la kwanza ni hilo, piga picha ukurasa wa pasipoti wenye sura yako na ukurasa wa viza, moja iwe kwenye imeili, moja niachie mimi, na fotokopi ya karatasi weka kwenye begi tofauti na lile lenye pasipoti yenyewe. Cheti cha kuzaliwa nacho kiskani.

Na ikipotea kweli, anza polisi upate ripoti, manake ubalozini karibu lazima watakuuliza hiyo, alafu toa taarifa ubalozini mara moja. Ila uelewe kwamba ukishatoa taarifa imepotea, namba yake inafutwa na inaweza kuingizwa kwenye kumbukumbu za Interpol, lile shirika la polisi la kimataifa, za hati za kusafiria zilizoibwa na zilizopotea, walizianzisha 2002, na mipakani huko wanaziangalia. Usije ukaikuta wiki mbili baadaye chini ya kitanda ukafurahi ukasafiri nayo, utazuiwa uwanja wa ndege kama mtu aliyeiba pasipoti yake mwenyewe.

Ile waliyonipa mimi ilikuwa hati ya dharura ya kusafiria, kikaratasi tu chenye picha yangu na muhuri, ya safari moja ya kurudi nyumbani na muda wake mfupi. Nililipia, sio bure, na huduma nyingi za ubalozini zina ada yake. Na nilidhani nimemaliza kumbe bado, kwa sababu viza na muhuri wa kuingilia vilikuwa kwenye pasipoti iliyoibwa, kwa hiyo ilibidi niende tena uhamiaji wa nchi ile kupata ruhusa ya kutoka, na kuuliza kama nchi ninayobadilishia ndege inaikubali hiyo hati, kwa sababu sio zote zinakubali. Uliza hayo yote pale dirishani kabla hujaondoka, usingoje kuyajulia kwenye kaunta ya ndege.

Sasa nije kwenye lile linaloninyima usingizi zaidi.

Safari hiyohiyo nilikutana na kijana wa kwetu, sitaandika jina lake, aliyekuwa ametoka mahabusu. Alikaa huko karibu mwezi kwa kosa ambalo mwishowe lilifutwa. Nikamuuliza ubalozi walikusaidia nini, akasema ubalozi hawakujua. Hakuwaambia askari wawajulishe. Aliona aibu, aliogopa habari zitafika nyumbani kwa mama yake kwamba mwanao kafungwa. Alisaini karatasi za lugha asiyoijua kwa sababu alitaka tu yaishe. Nikamtazama nikafikiria huyo mama, ambaye kwa mwezi mzima alidhani simu ya mwanae imeharibika.

Nisikilize vizuri hapa. Kuna mkataba unaitwa Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kikonseli, yaani kazi ya ubalozi ya kuhudumia raia wake, wa 1963, karibu dunia nzima imeusaini, na kifungu chake cha 36 kinasema ukikamatwa nchi ya watu wanatakiwa wakwambie bila kuchelewa kwamba una haki ubalozi wako ujulishwe, na ofisa wa ubalozi ana haki ya kuja kukuona, kuongea na wewe, kuandikiana na wewe na kukusaidia kupata wakili. Lakini angalia neno lililomo humo, ubalozi unajulishwa ukiomba wewe. Kuna nchi zimekubaliana zenyewe kwa zenyewe kwamba ubalozi ujulishwe tu hata kama hujaomba, lakini usiitegemee hiyo. Wakishakwambia hiyo haki na wewe ukanyamaza, wanaweza wasiujulishe ubalozi na wasiwe wamevunja kitu. Kwa hiyo hata kama umeshikwa kwa jambo dogo, hata kama umekosea kweli, sema naomba ubalozi wangu ujulishwe, rudia mpaka uone imeandikwa, na jifunze kuisema hiyo sentensi kwa lugha ya huko kabla ya kujifunza kitu kingine chochote. Na usisaini usichokielewa, omba mkalimani.

Usidhani natia chumvi. Kuna ndugu wawili Wajerumani walikamatwa Arizona, Marekani, mwaka 1982, hakuna aliyewaambia hiyo haki, Ujerumani ilikuja kujua miaka kumi baadaye, 1992, wakati walishahukumiwa kifo zamani. Wote wawili waliuawa 1999. Ujerumani iliipeleka Marekani Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, na 2001 mahakama ikasema Marekani ilivunja mkataba. Ujerumani ilishinda kesi lakini wale ndugu walikuwa wameshakufa. Nikisoma hiyo habari huwa nasimama kwenye ile miaka kumi, nawaza ingekuwaje kama mtu mmoja tu wa ubalozi wao angejua mapema akatafuta wakili mzuri.

Na aibu ya mama kujua, iondoe leo. Ukimwambia ofisa usiwaambie wazazi wangu, kwa kawaida hatatuambia, watu wazima wanatunziwa siri zao. Lakini mimi nakuomba utuambie. Hakuna kosa utakalofanya ambalo litanifanya nisitake kujua uko wapi.

Ila pia usiende kule na matumaini yasiyo yake, kwa sababu watu wengi wanarudi wanaulaumu ubalozi kwa vitu ambavyo hauwezi kabisa. Ofisa wa ubalozi hawezi kukutoa jela. Hawezi kuiambia mahakama ya watu iamue nini, mkataba uleule kwenye kifungu cha 55 unawakataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi waliyopo. Atakupa orodha ya mawakili lakini yeye sio wakili wako, na ada ya wakili ni yako. Ubalozi haukulipii hospitali, ndo maana nakusumbua na hiyo bima, usiende bila bima mwanangu, hilo nakuomba kwa magoti. Ukiishiwa hela watakachofanya mara nyingi ni kukuunganisha na sisi tukutumie, na nchi nyingine wanatoa mkopo wa kurudia nyumbani ambao unarudisha. Na kuna watu wanaamini ukiingia ndani ya geti la ubalozi umesharudi nyumbani, sio kweli, ardhi ni ya nchi ile ile, kilichopo ni kwamba askari wao hawaruhusiwi kuingia bila ruhusa ya balozi.

Wanachokifanya ni kikubwa hata hivyo. Wanafanya pasipoti mpya ya ile inayokaribia kuisha, na hapo usisubiri iishe, nchi nyingi hawakupokei kama imebakiza chini ya miezi sita. Wanathibitisha hati, kwa mfano ukitaka mjomba asaini jambo kwa niaba yako huku nyumbani wewe ukiwa huko. Mtoto akizaliwa huko wanamwandikisha, ndoa nayo ina utaratibu wake kule kwao. Na mtu akifariki, naandika hili mkono ukiwa mzito, wenye nchi wanatakiwa wauarifu ubalozi, na ubalozi ndo unatafuta ndugu na kusaidia karatasi za kusafirisha mwili. Gharama inabaki kwa familia au bima.

Kama mji wako hauna ubalozi usichoke kutafuta. Kunaweza kuwa na ubalozi mdogo, au konseli wa heshima, huyo mara nyingi ni mkazi wa palepale aliyepewa jukumu hilo, hawezi yote lakini anajua pa kukupeleka. Wakati mwingine balozi mmoja anahudumia nchi tatu nne na anakaa nchi ya jirani, namba yake ndo unayoihitaji. Na kuna nchi zimepatana kusaidiana, raia wa Umoja wa Ulaya akiwa mahali ambapo nchi yake haina ubalozi anaweza kwenda ubalozi wa mwanachama mwingine, na Canada na Australia wana makubaliano yao tangu 1986. Uliza sisi tumepatana na nani.

Ukifika, jiandikishe. Hili vijana wanalipuuza kuliko yote, wanaona ni serikali kuwafuatafuata, mi nakwambia ni jina lako kuwepo kwenye orodha siku ambayo orodha ndo itakayoamua. Khartoum, tarehe 15 Aprili 2023, watu waliamka Jumamosi na kukuta mji unapigwa mabomu, na ndani ya siku chache nchi kibao zikawa zinawatoa raia wao, wengi kwa mabasi mpaka Port Sudan kisha meli. Sasa basi linaondoka saa fulani mahali fulani, intaneti inakatika, ubalozi utakwambiaje kama hauna namba yako na haujui unaishi mtaa gani? Na huwezi kuanza kujaza fomu wakati huo, kwa sababu balozi zenyewe zilifungwa, wafanyakazi wake nao walikuwa wanaondoka. Ukihama nyumba au ukibadilisha laini, waambie.

Namba yao ya dharura usiiweke kwenye simu tu. Simu huibiwa, simu huzima. Iandike kwenye karatasi, uiweke kwenye kava la pasipoti na nyingine ndani ya kiatu cha akiba au popote unapojua hapaguswi. Na mtu akikupigia akasema mimi ni wa ubalozi, una kesi, tuma hela haraka, kata simu uwapigie wewe kwa namba uliyoitoa kwenye tovuti yao rasmi. Wapo wanaotumia jina la ubalozi kuwatisha wanafunzi, na wanafunzi wanatuma kwa sababu wako peke yao na wanaogopa.

Yule dada wa nyuma ya kioo sikupata jina lake. Nilipotoka na ile hati yangu alinyanyuka akazunguka mlango akaja kunishika mkono, akasema mama safari ijayo njoo kutusalimia kabla ya shida. Kwa hiyo wiki ya kwanza ukishapata pa kulala, nenda, hata kama huna shida yoyote, uone jengo, ujue treni gani inafika, na siku gani wanafungua, kwa sababu wanafunga sikukuu zetu na sikukuu za kwao pia.

Kesho kabla hujafunga begi tukae tujaze ile fomu yao ya kwenye mtandao. Pale wanapouliza mtu wa kuwasiliana naye wakati wa dharura, weka ile namba yangu ya zamani, hiyo huwa siizimi usiku.

Mama yako