Barua kwa mwanangu: siku 44 za Mwalimu

Tabora

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi ni wazima, mvua imechelewa kidogo ila watu wameshalima wanasubiri. Mama yako amepokea mzigo. Sweta ameipenda sana, ingawa kuivaa Tabora kwa joto hili ni kujitafutia homa.

Nimesoma ulichoandika kwenye grupu la familia, kwamba huko Uingereza kiongozi akishindwa anaondoka siku hiyohiyo, na sisi huku hatujui kuachia, mtu habanduki kitini mpaka achukuliwe na Mungu au na wanajeshi. Mfano wako ukawa Liz Truss, aliyekuwa Waziri Mkuu wao. Mjomba wako akaweka vicheko, wadogo zako wakaweka dole gumba, na mimi nikanyamaza, maana mambo marefu siyawezi kwa simu. Ndiyo nimechukua kalamu.

Huyo mama wa Uingereza ulimshuhudia wewe, mimi nilimfuatilia redioni. Aliingia tarehe 6 Septemba 2022. Tarehe 23 serikali yake ikatangaza kupunguza kodi kwa kiasi kikubwa bila kueleza pengo litazibwa na nini. Pauni ikaporomoka, Benki Kuu yao ikalazimika kuingia sokoni kununua hati fungani za serikali, na Oktoba 14 akamfukuza Waziri wake wa Fedha, Kwasi Kwarteng, aliyekuwa ametekeleza kile walichokubaliana wote wawili. Gazeti moja likaweka saladi mbele ya kamera tuone nani atanyauka kwanza. Oktoba 20 akatoka nje ya mlango wa Downing Street akatangaza kwamba anajiuzulu. Hesabu mwenyewe: tangu aingie, siku 44.

Sasa nikupe hesabu nyingine. Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Tarehe 22 Januari 1962 Waziri Mkuu, Julius Nyerere, akajiuzulu. Siku 44 vilevile. (Najua utanibana: uwaziri mkuu alikuwa nao tangu Mei 1961, wakati wa serikali ya madaraka. Ni kweli. Lakini kuiongoza nchi iliyo huru, ni siku hizo tu.)

Tofauti ni kwamba Mwalimu hakuwa ameangushwa na mtu. Uchaguzi wa 1960 chama chake, TANU, kilizoa viti 70 kati ya 71. Hakukuwa na wapinzani bungeni wa kumtikisa, wala soko la kumnyima usingizi. Ndiyo maana habari ile iliwashtua watu, na magazeti ya nje yakaanza kuandika kwamba amesukumwa na wenzake.

Babu yako wakati ule alikuwa katibu wa tawi la TANU huko kijijini. Alinisimulia mara nyingi, wewe ulikuwa hujazaliwa. Kabla ya Uhuru alikuwa akipita na baiskeli na daftari la ada, watu wanatoa senti zao kabla hajaomba. Baada ya Desemba ile, anabisha hodi anaulizwa, “Ada ya nini tena, mzee? Mkoloni si ameshaondoka?” Vijana wawili waliokuwa wakimsaidia kuandika majina walikuwa wamepata ukarani bomani, na kwa haki kabisa, maana nchi ilihitaji makarani. Akabaki peke yake na daftari lake na muhuri. Anasema kuna siku alikaa ofisini asubuhi mpaka jioni, aliyeingia akawa ni mbuzi.

Kule juu hali ilikuwa hiyohiyo. Waliokuwa na uwezo chamani walikuwa wamekuwa mawaziri, na chama kilichoundwa kwa kazi moja, kumwondoa Mwingereza, kilikuwa kimeimaliza. Mwalimu alisema anaondoka serikalini akakijenge upya, kiwe chombo cha kupambana na umaskini, ujinga na maradhi. Alibaki Rais wa TANU. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba alikuwa ameachana na siasa akaenda kulima.

Kusukumwa nako kulikuwepo, sikufichi. Wengi ndani ya TANU walikuwa na haraka. Vyeo vikubwa vya serikali bado vilishikwa na Waingereza, na watu walikuwa wanauliza Uhuru gani huu. Oktoba 1961, kwenye mjadala wa uraia, kuna wabunge waliotaka uraia uende kwa rangi ya ngozi. Mwalimu aliwawakia, akasema serikali yake itajiuzulu kuliko kukubali jambo hilo. Kwa hiyo mtu huyu alikuwa na desturi ya kuweka barua mezani. Ualimu wa Pugu aliuacha mwaka 1955 alipotakiwa achague kati ya shule na siasa. Ujumbe wa Baraza la Kutunga Sheria aliuacha mwaka 1957 baada ya miezi michache tu, alipoona serikali ya kikoloni haikubali lolote analopendekeza. Mimi naona Januari ile shinikizo lilikuwepo na hiari ilikuwepo, na sioni kwa nini lazima tuchague moja.

Lakini mtu ninayetaka umtazame hasa si Nyerere. Ni Rashidi Kawawa, aliyeachiwa uwaziri mkuu.

Watu wanapenda kumsimulia aliyeondoka, wanamsahau aliyeachiwa. Kawawa alikuwa na umri wa miaka 35, mtu wa vyama vya wafanyakazi, na kabla ya hapo aliwahi hata kuigiza filamu. Akakabidhiwa nchi ya wiki sita. Wala hakukaa pale kama mlinzi wa nyumba ya mtu. Wizara ya Fedha ikatoka kwa Mwingereza, Sir Ernest Vasey, ikaenda kwa Paul Bomani, na kazi ya kuwapandisha Waafrika serikalini ikapewa kasi. Pia mwaka huohuo zikapitishwa sheria ya kuweka watu kizuizini bila mashtaka na sheria za kubana migomo, tena na serikali ya mtu aliyepandia ngazi ya vyama vya wafanyakazi. Hizo nazo ni sehemu ya habari, na sheria ya kizuizini ilikuja kuwaumiza watu miaka mingi baadaye. Siwezi kukuandikia mazuri peke yake kisha nikajiita mwalimu wa historia.

Mwalimu mwaka huo alizunguka mikoani, matawi kwa matawi, na akaandika kijitabu chake cha kwanza cha ujamaa. Babu yako daftari lake likaanza kujaa tena, ingawa hakuwahi kunihakikishia kama ilikuwa kwa sababu ya hotuba au kwa sababu ya mavuno. Novemba ukaja uchaguzi wa Rais. Nyerere akapata kura zaidi ya milioni 1.1, mpinzani wake, Zuberi Mtemvu, akapata elfu 21 na ushee. Tarehe 9 Desemba 1962 nchi ikawa Jamhuri na cheo cha Waziri Mkuu kikafutwa.

Kawawa akashuka akawa Makamu wa Rais. Muungano ulipokuja 1964, Mzee Karume akawa Makamu wa Kwanza, Kawawa akawa wa Pili, ngazi nyingine chini. Mwaka 1972 uwaziri mkuu ukarudishwa akapewa tena, 1977 akauachia akaenda Wizara ya Ulinzi. Alifariki mwisho wa mwaka 2009 bila kuanzisha kambi yake. Usidhani nasema ni sisi tu tuliojaliwa watu wa namna hii. Huko kwenu David Cameron alikuwa Waziri Mkuu, na mwaka 2023 akakubali kurudi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Truss alibaki mbunge, mwaka 2024 wapiga kura wa jimbo lake wakamnyima kiti.

Wanaong'ang'ania kwetu wapo, na majina yao unayajua kuliko mimi. Nilichokikataa ni lile neno lako “hatujui”. Tulijua mapema sana, nchi ikiwa changa kama mtoto aliyetoka tu kumaliza arobaini. Swali ambalo ningependa wewe na wadogo zako mligombanie ni kwa nini mwaka 1962 kiti kiliweza kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kikarudi, na hakuna aliyehitaji kukimbilia ubalozini. Mimi nina jibu langu nusu: chama kilikuwa na nguvu kuliko yeyote kati yao. Nusu ya pili ni kwamba nguvu hiyohiyo ndiyo iliyotufanya baadaye tukae na chama kimoja mpaka 1992.

Hilo la kuombwa ugombee uenyekiti wa umoja wa Watanzania hapo mjini kwenu tuliongee Jumapili ukipiga simu. Mama yako ana maoni yake, na si machache.

Wako,
Baba