Risala ya Kikundi cha Wazazi na Wagonjwa wa Selimundu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Selimundu Duniani, 19 Juni

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, waganga na wauguzi wa kliniki yetu, wazazi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi,

Karibu sana. Kila mwaka risala yetu kuhusu selimundu (sikoseli), ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, huzungumzia maumivu na damu ya kuongezewa. Leo tumechagua jambo lisilosemwa sana: shinikizo la juu la damu katika mishipa ya mapafu. Hii si presha inayopimwa mkononi. Mtu anaweza kupimwa, akaambiwa yuko salama, kumbe upande wa kulia wa moyo wake, unaosukuma damu mapafuni, umeelemewa.

Mishipa ya damu ina utando mwembamba kwa ndani. Ukiwa mzima, hutengeneza gesi ya nitriki oksaidi, inayoilegeza mishipa damu ipite bila taabu. Furchgott, Ignarro na Murad wa Marekani walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kuifumbua kazi hiyo. Kwa mwenye selimundu, chembe nyekundu hupasuka mapema na kumwaga himoglobini (protini inayobeba oksijeni), nayo huiharibu gesi hiyo kabla haijafanya kazi. Utando huumia, mishipa ya mapafu hubana, kuta zake hunenepa, shinikizo hupanda.

Kwa hiyo kijana anayesimama kuvuta pumzi kila baada ya ngazi chache, na jioni miguu imevimba, asirudishwe nyumbani kwa jibu la "damu imepungua" tu. Apimwe eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Ni jeli kifuani na kifaa cha kupitisha juu yake, hakuna sindano. Kasi ya damu inayorudi nyuma kwenye vali ya upande wa kulia wa moyo ikifika mita 2.5 kwa sekunde, apelekwe kwa bingwa wa moyo, maana eko peke yake haithibitishi.

Wenzetu, tusishauriane dawa vibarazani. Sildenafili (ndiyo, vidonge vile vile vya nguvu za kiume mnavyovicheka) huwasaidia baadhi ya wenye shinikizo hili. Lakini utafiti wa Marekani na Uingereza kwa wagonjwa wa selimundu ulisitishwa mwaka 2009, kwa kuwa waliovimeza walilazwa zaidi kwa maumivu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba mambo mawili: eko ipatikane hospitali ya wilaya kwa wenye dalili, na haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu, isikatike kwenye dirisha la dawa.

Tunaomba kuwasilisha.