Msisawazishe matuta ya mipaka ya kale

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako niwasihi wenye matrekta: kabla ya kusawazisha shamba, litazameni shamba hilo wakati jua linapochomoza. Mwanga ukija kwa chini, tuta lisilofika hata gotini hutupa kivuli kirefu, na mpaka usioonekana mchana hujichora wote. Wakati wa ukame, mazao yaliyo juu ya msingi wa mawe hunyauka mapema. Yaliyo juu ya mtaro uliofukiwa hubaki kijani. Huko Dartmoor, Uingereza, kuta zilizogawa mashamba zaidi ya miaka 3,000 iliyopita bado zinaonekana. Trekta hufuta alama kama hizo kwa asubuhi moja, na inaniuma sana. Angalau pigeni picha kwanza, mkawaulize wazee tuta lile lilitenganisha nani na nani.

Msomaji wako